Nilipunguza Kilo 10 na Pumzi Ikapungua Nazo

Asubuhi nilipokimbia jaribio langu la pili la dakika 12, nilikuwa na kilo 54. Miezi minne kabla yake, siku ya jaribio la kwanza, nilikuwa na kilo 64. Urefu wangu ni mita 1.63, na wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 22. Katika jaribio la kwanza nilimaliza mizunguko minne ya uwanja na mita 300 juu yake, yaani mita 1,900. Katika la pili, nikiwa nimepungua kilo 10 kamili, niliishia mita 1,780. Nilisimama pembeni mwa njia ya kukimbilia nikiwa nimeinama, mikono imeshika magoti, nikimsubiri mwalimu wa mazoezi asome namba kwenye daftari lake, na aliposoma nilimwomba ahesabu upya. Akahesabu. Namba ilikuwa ileile.

Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wenzangu ambao, kama mimi wakati ule, wanaamini kwamba mwili ukipungua uzito utimamu wake unapanda wenyewe. Mimi niliamini hivyo kwa moyo wote, na imani hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Kosa langu lilikuwa kutouliza kilichopungua ni kitu gani.

Njia niliyoitumia ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuishi nayo. Nilikata chakula cha jioni, nikapunguza cha mchana hadi nusu, nikawa natembea kwa saa nzima kila siku na kupanda mizani kila asubuhi kabla ya kunywa hata maji. Wiki ya kwanza nilipoteza karibu kilo 3, nikafurahi sana. Baadaye nilikuja kujua kwamba sehemu kubwa ya kilo zile ilikuwa maji: mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini katika hali iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji, kwa hiyo akiba hiyo inapotumika bila kurudishwa, maji yake nayo hutoka. Mizani haitofautishi maji, mafuta, misuli wala mfupa. Inajumlisha vyote na kukupa jibu moja, nami jibu hilo moja ndilo lililoniongoza kwa miezi minne. Watu waliniambia nimependeza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama bado ninaweza kupanda ngazi za ghorofa ya nne bila kupumzika, nami sikumwambia mtu kwamba siwezi.

Siku ile ya jaribio la pili mwalimu hakunihubiria. Alichukua begi la mgongoni ambalo huwa analijaza mchanga kwa ajili ya mazoezi, akanivisha, akaniambia nipande ngazi za jukwaa la watazamaji mara moja na kushuka. Lilikuwa na kilo 5. Nilipofika juu mapaja yalikuwa yanawaka na moyo unagonga masikioni. Niliposhuka akalivua, akaliweka chini, akasema, "Binti, mafuta yaliyozidi mwilini ni kama mchanga huu. Yanabebwa, hayabebi. Ukiyapunguza, mwendo unakuwa mwepesi." Nikamjibu kwamba mimi nimeshavua mabegi mawili ya namna hiyo, mbona nimepungua mbio? Akanitazama kidogo kabla ya kusema neno ambalo sijalisahau hadi leo: "Kwa sababu umepunguza mzigo, na umempunguza mpagazi pia."

Alinipima mafuta siku hiyohiyo, kwa koleo la kupimia mikunjo ya ngozi. Kwa kuwa wengi hawajawahi kuliona likitumika, nitaeleza. Mpimaji huchukua ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake kwa kidole gumba na cha shahada, akayavuta kidogo yaachane na msuli, kisha meno ya koleo yakabana mkunjo ule karibu sentimita moja chini ya vidole. Chuma ni baridi, lakini hakiumizi. Husubiri sekunde mbili hivi mshale wa koleo utulie, akasoma milimita. Alinipima nyuma ya mkono katikati ya bega na kiwiko, mbele ya mkono, chini ya ncha ya bega la mgongoni, na juu ya mfupa wa nyonga. Kila sehemu akairudia mara tatu. Kisha akajumlisha na kuangalia kwenye jedwali linalozingatia umri na jinsia. Jibu likawa asilimia 28.

Nilikaa na namba ile muda mrefu. Katika kilo zangu 54, kilo 15 hivi zilikuwa mafuta na 39 zilizobaki zilikuwa misuli, mifupa, maji, damu na viungo vya ndani. Kwa mwanamke kijana asilimia 28 si ugonjwa, na ni lazima niseme wazi kwamba mwanamke mwenye afya hubeba mafuta mengi kuliko mwanamume mwenye afya aliye na utimamu uleule. Mafuta ya lazima, yale ambayo mwili hauwezi kufanya kazi bila ya kuwa nayo, ni kama asilimia 3 ya uzito kwa wanaume na kama asilimia 12 kwa wanawake. Kilichonishtua hakikuwa mafuta. Nilishtushwa na zile kilo 39. Nilikuwa mtu mwembamba mwenye misuli michache mno ya kuubeba hata wembamba wangu, na kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI, kilikuwa kinanipongeza kwa 20.3, ndani kabisa ya kiwango kinachoitwa cha kawaida, ambacho huanzia 18.5 na kuishia 24.9.

Ilinibidi nisome kipimo hiki kilitoka wapi. Hesabu yake, ya kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830. Yeye hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na takwimu aliyekuwa akitafuta sura ya mtu wa wastani katika jamii nzima. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972 kupitia kwa Mmarekani Ancel Keys na wenzake. Kwa kupima kundi kubwa la watu kipimo hiki kina manufaa yake, na sipendi kuona kikibezwa kama wengi wanavyokibeza siku hizi. Ila hakikuumbwa kumwambia binti mmoja mwili wake umeundwa na nini. Udhaifu wake upande wa pili ulionekana hata kabla hakijapewa jina: mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, pamoja na wenzake, waliwapima wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa miguu wa Kimarekani kwa kuwazamisha ndani ya maji. Mafuta ni mepesi kuliko maji na misuli ni mizito kuliko maji, kwa hiyo mtu anapopimwa nje ya maji na ndani ya maji unaweza kukadiria ameumbwa kwa kiasi gani cha kila kimoja. Wachezaji 17 kati ya wale wangekataliwa jeshini kwa majedwali ya uzito na urefu, kwamba ni wanene. Kumbe wengi wao walikuwa na mafuta kidogo na misuli mingi. Jedwali liliwaona wanene watu waliokuwa imara, kama kipimo changu kilivyoniona imara nami nimedhoofika.

Huyo Keys ana habari nyingine ambayo ilinigusa zaidi. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, aliwasimamia vijana 36 wenye afya waliojitolea kula kama nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita, ili wataalamu wajue namna ya kuwarudishia afya watu waliokuwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mafuta yalipungua sana, lakini misuli nayo ilikwenda. Moyo ukapiga polepole, wakasikia baridi muda wote, nguvu zikapungua, na kazi walizozimudu mwanzoni zikawashinda. Mimi sikufika walikofika wao, wala sijilinganishi nao. Lakini niliposoma kuhusu ile baridi nilisimama kusoma, kwa sababu miezi ile mimi nilikuwa nalala na soksi na sweta nikidhani ni hali ya hewa.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mwalimu, na leo ninalisema kwa sababu najua wapo mabinti wanaolificha. Hedhi yangu ilikuwa imekatika kwa miezi miwili. Daktari aliyenipima, baada ya kuthibitisha kwamba hakuna ujauzito wala ugonjwa mwingine, alinieleza kwamba mwili usiopata nishati ya kutosha huanza kubana matumizi, na uzazi ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuwekwa kando. Homoni ya estrojeni inaposhuka, mifupa nayo hupoteza mlinzi wake. Akaniambia kwamba mfupa wa binadamu hujiwekea akiba hadi karibu na umri wa miaka 30, na baada ya hapo kazi inakuwa kutunza kilichopo. Nilikuwa na miaka 22. Niliogopa, na ninaona nilikuwa na haki ya kuogopa.

Nilirudi kwa mwalimu nikamwambia kila kitu, tukaanza upya. Nilirudisha chakula cha jioni. Kila mlo ukawa na chanzo cha protini, kwa kuwa msuli hauwezi kujengwa kwa tofali ambalo halijaletwa. Siku tatu kwa wiki nilifanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kwanza bila mzigo kisha na begi lile la mchanga; pushapu, nikiegemea ukuta kwanza, halafu benchi, halafu sakafu; kuinua mzigo kutoka chini kwa mgongo ulionyooka; na kuning'inia kwenye chuma. Siku mbili nilikimbia mwendo ambao ningeweza kuzungumza huku nikikimbia. Hii inalingana na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kwa watu wazima, ya dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, ingawa mimi wakati ule sikuwa nafuata waraka wowote. Nilikuwa namfuata mwalimu.

Baada ya wiki sita tulipima. Koleo likasoma karibu vilevile kama mwanzo, na mizani ilikuwa imepanda kilo moja. Nilivunjika moyo. Kisha nikakimbia dakika 12, nikapata mita 1,960, zaidi hata ya siku zile za kilo 64. Nguvu nazo zilikuwa zimeongezeka: kutoka kutoweza pushapu hata moja sakafuni hadi nne. Nikamuuliza mwalimu imewezekanaje utimamu upande wakati muundo wa mwili haujabadilika. Jibu lake lilinifungua macho kuliko lile la mpagazi. Alisema kwamba wiki za mwanzo za mazoezi ya nguvu hazijengi msuli mwingi. Zinaufundisha mfumo wa fahamu kuiamsha misuli iliyopo, mingi kwa wakati mmoja na kwa mpangilio. Upande wa pumzi, kiasi cha maji ya damu huongezeka mapema, na moyo unapata cha kusukuma kwa kila pigo. Mabadiliko haya hayaonekani kwenye kioo wala kwenye koleo, na ni wengi wanaoacha mazoezi katika wiki hizohizo wakisema hayafanyi kazi.

Kwa hiyo nilijifunza kwamba uhusiano wa muundo wa mwili na utimamu upo, tena ni wa nguvu, lakini hauendi hatua kwa hatua, na wala vitu hivi viwili si kimoja. Mtu anaweza kuboresha pumzi yake kwa kiwango kikubwa huku mafuta yakiwa palepale. Anaweza pia kuwa na mafuta machache na pumzi mbovu, kama mimi.

Hesabu iliyonisaidia kuona jambo hili vizuri ni ya oksijeni. Kipimo kikuu cha utimamu wa moyo na mapafu ni kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika moja, na kwa kuwa mkimbiaji anaubeba mwili wake mwenyewe, kiasi hicho hugawanywa kwa uzito. Chukua watu wawili ambao kila mmoja anaweza kutumia lita 3 kwa dakika. Mwenye kilo 60 atapata mililita 50 kwa kila kilo. Mwenye kilo 80 atapata 37.5. Ikiwa kilo 20 walizotofautiana ni mafuta, huyu wa pili atachoka mapema mlimani ingawa mioyo yao ni sawa. Mimi nilikuwa nimeishika nusu tu ya hesabu hii. Nilidhani nikipunguza namba ya chini jibu litapanda, na sikujua kwamba kwa njaa ile nilikuwa nakata na namba ya juu: misuli inayotumia oksijeni, damu inayoibeba, na nguvu ya moyo unaoisukuma.

Ile nusu ya hesabu niliyoishika mimi ilikuja kumfaa mdogo wangu wa kiume. Yeye alikuwa na miaka 20, urefu wa mita 1.75 na kilo 97, na kiuno cha sentimita 104. Tofauti na mimi, misuli alikuwa nayo. Kubeba mizigo mizito alinishinda mbali, na akikushika mkono unasikia mifupa ikisogeleana. Watu wenye miili mikubwa mara nyingi wana nguvu nyingi za jumla, kwa sababu kubeba mwili wao kila siku ni zoezi tosha. Alipoombwa aning'inie kwenye chuma na kujivuta juu, hakupanda hata nusu. Kuruka, kukimbia, kujivuta, kupanda ngazi, kila kazi inayotaka mwili ujibebe wenyewe ilimshinda. Kazi ya kushika na kusukuma haikumshinda. Mwalimu alinionyesha kwamba hapo ndipo mafuta ya ziada yanapoonekana waziwazi, na kwamba jaribio moja haliwezi kutoa hukumu juu ya utimamu wa mtu.

Kwake yeye tulihangaikia zaidi kiuno kuliko uzito. Mafuta yaliyo ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo, yana madhara makubwa kwa sukari na mafuta ya damu kuliko yale yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na nyonga, na kanuni nyepesi inayotumiwa na wengi ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu. Nusu yake ni sentimita 87.5. Alipunguza chakula kwa kiasi, si kwa fujo kama nilivyofanya mimi, akaendelea na mazoezi ya nguvu tangu siku ya kwanza ili misuli aliyokuwa nayo isiende na mafuta. Miezi saba ilimfikisha kilo 88 na kiuno cha sentimita 93. Kwa BMI bado yuko juu ya 25. Anajivuta kwenye chuma mara tatu.

Niseme kidogo kuhusu vipimo, maana baada ya kuacha utumwa wa mizani niliingia kwa muda katika utumwa wa asilimia. Nilipata mahali penye mizani ya umeme inayosoma mafuta, ile unayosimama juu yake bila viatu na mkondo mdogo wa umeme kupita mwilini. Asubuhi ilinisomea asilimia 29, jioni ya siku hiyohiyo ikasema 25. Hakuna mtu anayepoteza kilo 2 za mafuta kati ya asubuhi na jioni. Mkondo ule hupita kwa urahisi kwenye maji, na misuli ina maji mengi, kwa hiyo ukiwa na kiu, umetoka kula au umetoka kufanya mazoezi, jibu linayumba. Koleo nalo lina kosa lake, hasa likishikwa na mikono tofauti. Tangu hapo ninapimwa na mtu yuleyule, saa ileile, mara moja kwa miezi miwili, na siamini badiliko dogo.

Hedhi ilirudi mwezi wa tatu wa kula vizuri. Sikutegemea kama ningeshukuru kwa jambo hilo kiasi kile.

Mwezi wa nane tangu tuanze upya nilipimwa tena. Mizani ilisoma kilo 58, yaani kilo 4 zaidi ya siku ile ya aibu, na koleo likasoma asilimia 24. Maana yake, kwa makadirio, mafuta yalikuwa yamebaki karibu kilo 14, na ule upande wa pili umepanda kutoka kilo 39 hadi 44. Kwa macho ya mtu wa kawaida nilikuwa nimenenepa kidogo, na wapo walioniambia. Nikaingia uwanjani. Mzunguko wa kwanza nilijizuia kama nilivyoelekezwa; wa tatu nikasikia miguu ikinisukuma yenyewe, bila ile hali ya kuiburuta; na filimbi ilipolia nilikuwa nimeuanza mzunguko wa sita, nimesimama wima, ninaweza kusema sentensi nzima. Mita 2,210.

Mwalimu aliandika namba ile kwenye daftari lake, kwenye ukurasa uleule wenye namba zangu zote tangu mwanzo: kilo 64, mita 1,900, kilo 54, mita 1,780, kilo 55, mita 1,960, kilo 58, mita 2,210. Nilimwomba ruhusa nikaupiga picha ukurasa ule. Wiki iliyofuata mdogo wangu aliniandikia, "Dada, nishuke hadi kilo ngapi ndiyo niseme niko fiti?" Nilimtumia ile picha, nikamwambia aje Jumamosi tukimbie dakika 12.